Dakika Kumi na Moja za Klementina

Klementina Mboje aliajiriwa kupiga chapa. Barua yake ya ajira inasema hivyo mpaka leo, na ninajua kwa sababu faili lake liko kwenye kabati langu: Katibu Muhtasi, Umoja wa Wafugaji Tujikwamue, Bariadi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ataandika programu za kompyuta. Hakuna pia mahali palipoandikwa kwamba hataandika, na katika ofisi yetu mambo mengi yameingia kwa mlango huo.

Mimi ni Salu, wa masijala. Nimekaa na Klementina chumba kimoja miaka tisa, meza yake dirishani, yangu mlangoni, kwa hiyo ninayoyasimulia mengi niliyaona kwa macho, na machache nilitumwa kuyashuhudia.

Mwanzo alikuja mtaalamu kutoka Mwanza kututengenezea mfumo. Alitengeneza ukurasa wa kwanza, wenye picha nzuri ya ng'ombe na sehemu ya kuandika nywila, akaaga kwamba anakwenda likizo ya wiki mbili. Tulimsubiri mwaka mmoja. Wakati huo Klementina ndiye aliyekuwa akichapa orodha za wafugaji zinazoletwa na kata, na alikuwa amechoka kuwachapa watu walewale. Mayige wa orodha hii alikuwa Mayinge kwenye orodha ile, na Mayighe kwenye ya tatu, na wote watatu walikuwa na mke mmoja na nyumba moja. Akapakua kitabu cha Kiingereza kwenye simu, cha lugha ya kompyuta iitwayo Python, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulisema lugha hiyo ni rahisi kwa wanaoanza. Alikisoma masika mawili. Alikuwa na miaka thelathini na nane na watoto wawili, na wakati wa kusoma ulikuwa ule ambao sisi wengine tulikuwa tukibishana mambo ya mpira.

Programu aliyoiandika ilifanya kazi mbili. Kwanza ililinganisha kila jina na kila jina jingine, ili mtu aliyeandikwa mara mbili ajulikane. Pili ilizipanga kaya kuanzia yenye ng'ombe wengi hadi yenye ng'ombe wachache, maana chanjo huanza na mifugo mingi, ambako ugonjwa ukiingia husambaa haraka. Majina yalikuwa elfu arobaini na mbili. Kompyuta ilikuwa ya zamani. Kazi ilichukua saa ishirini na mbili.

Meneja wetu, Bwana Novatus, angeweza kuona aibu kwa hilo. Badala yake aliona fahari. Mara nne kwa mwaka, orodha inapotakiwa, alitangaza Siku ya Mashine. Siku hiyo hapakuwa na kazi nyingine, kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja na haikutakiwa kusumbuliwa. Chai ya tangawizi ilichemshwa, karanga zikaletwa, na kwenye kompyuta kulibandikwa karatasi: USIGUSE, INAFIKIRI. Wageni waliletwa kuiona. Meneja alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, na kusema kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye wodini, "Hapo inafikiri. Tangu jana."

Wageni walitikisa kichwa. Nakiri kwamba nami niliipenda Siku ya Mashine. Nililala vizuri sana kwenye mafaili ya mwaka 2014.

Aliyeipenda zaidi ni Dastan, afisa wetu wa TEHAMA. Dastan ana shahada, na shahada yake imetundikwa ukutani mahali ambapo huwezi kuingia bila kuiona. Siku ya Mashine kazi yake ilikuwa kusikiliza feni. Kwa miaka miwili alikuwa ameandika maombi ya kununuliwa mashine kubwa, kurasa kumi na saba, na kila ukurasa ulitaja zile saa ishirini na mbili.

"Dada Klementina, programu yako siyo mbaya," alimwambia mara nyingi. "Tatizo ni lugha. Python ni ya polepole kwa asili yake, ni ya kufundishia watoto. Dawa yake ni mashine kubwa tu."

Klementina alimjibu, "Sawa, kaka," akaendelea kuchapa barua.

Basi mwaka wa tatu wa programu hiyo, mwezi wa pili, homa ya mapafu ya ng'ombe ikasikika upande wa Meatu. Siku ya kwanza ilikuwa tetesi za mnadani. Siku ya tatu ilikuwa simu ya Daktari Philomena, daktari wa mifugo, mama asiyesalimia mara mbili.

"Chanjo inafika Alhamisi ya wiki ijayo," alisema. Klementina alikuwa ameweka simu kwenye spika. "Inakaa kwenye barafu, na barafu haisubiri mtu. Nataka orodha mezani kwangu Jumatano. Nianze na kaya zipi, nimalizie na zipi."

Mashine ikawashwa siku hiyohiyo, Jumanne asubuhi. Chai ikachemshwa. Saa kumi jioni umeme ukakatika. Betri ya akiba ililia dakika saba, ikanyamaza, na saa nane za kufikiri zikapotea zote. Jumatano tukaanza upya. Safari hii ilifika saa ya kumi na tisa, alfajiri ya Alhamisi, umeme ukaondoka tena. Meneja alisema ni bahati mbaya. Dastan alisema ni ukurasa wa kumi na moja wa maombi yake.

Ijumaa Klementina aliniomba funguo za ofisi kwa mwisho wa wiki.

Kile kitabu chake kilikuwa na sura ya mwisho ambayo hakuwa ameisoma, kwa sababu kichwa chake kilimtisha. Ilikuwa juu ya kuongeza kasi. Jumamosi aliisoma mpaka mchana, akanieleza akiwa anakula mhogo juu ya kibodi, jambo ambalo Dastan angelikataza.

"Unajua kwa nini inachelewa, Salu? Haichelewi kwa sababu inafikiri. Inachelewa kwa sababu inauliza."

"Inauliza nini?"

"Kila inapokutana na kitu, inakiuliza: wewe ni namba au ni neno? Kinajibu, mimi ni neno. Inafanya nacho kazi kidogo. Baada ya punje ya sekunde wanakutana tena, inauliza tena: wewe ni namba au ni neno? Mara mamilioni kwa mamilioni. Na kila mstari inautafsiri upya kwa mashine, kama mkalimani anayerudia hotuba ileile kila mtu anapoingia mlangoni."

"Na sasa?"

"Sasa nitaiambia mapema. Hiki ni namba, kitabaki namba. Hiki ni herufi, kitabaki herufi. Kila kitu kitangazwe aina yake kabla hatujaanza. Halafu kuna programu nyingine, wanaiita kompaila, inachukua hayo yote inayageuza mara moja kuwa lugha ya mashine yenyewe. Mkalimani anarudi nyumbani."

Alipima kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa namna nyingine, kwa sababu katika miaka yote ya Siku ya Mashine hakuna mtu aliyewahi kupima, Dastan akiwemo. Ikaonekana kwamba karibu muda wote ule ulikuwa ukiliwa na mistari kumi na tisa tu, ile inayolinganisha jina na jina, herufi kwa herufi. Programu nzima ilikuwa na mistari mia tatu na kitu. Hiyo mingine ilikuwa haina kosa, ilikuwa ikisubiri tu.

Alitangaza aina kwenye ile mistari kumi na tisa. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kufagia nusu chumba, akaitangaza kwenye kila kitu: jina ni maneno, kijiji ni maneno, idadi ya ng'ombe ni namba nzima.

Jumapili baada ya misa akanipigia simu.

"Salu, njoo na funguo za kabati la fomu. Mashine imenikatalia."

Nilimkuta amekaa amejishika kidevu. Kwenye kioo kulikuwa na sentensi moja ya Kiingereza, akanitafsiria: kwenye mstari fulani wa orodha, sehemu ya idadi ya ng'ombe, panatakiwa namba nzima, na pamekutwa maneno.

"Maneno gani?" nikauliza.

"Nimeiambia iniletee yote. Tazama."

Yalikuwa mia tatu na kumi na nane. Tulitoa fomu zenyewe kabatini tukahakikisha moja moja. Mahali pa kuandika idadi ya ng'ombe, watu walikuwa wameandika: wapo. Wengine: wa kutosha. Wengine: tunashukuru. Mmoja aliandika: wa urithi. Kwa mtu wa kwetu hakuna cha kushangaza hapo. Wazee wengi hawatamki hesabu ya ng'ombe. Ukimuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, umemuuliza jambo ambalo hata mkewe huenda hajamuuliza, na kumtajia namba mtu wa ofisi ni kuita mauti zizini. Maofisa wa kata walijua hilo, waliandika walichoambiwa, na Klementina alichapa alicholetewa. Programu yake ya zamani ilipokea yote bila neno. Haikumtaka mtu aseme yeye ni nani mapema, basi kila mtu aliingia na alivyo.

"Kwa hiyo ilikuwa inawapangaje hawa?" nikauliza. Niliuliza kwa udadisi tu.

Klementina alifungua orodha ya robo iliyopita, ile ambayo mashine iliifikiria saa ishirini na mbili, akaishusha taratibu kwa kidole.

Kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba ile ni namba, mashine ilikuwa ikizipanga idadi kama maneno ya kamusi inayosomwa kuanzia mwisho, maana orodha yetu huanza na kubwa. Katika kamusi hiyo, tisa ikiandikwa kwa tarakimu inakuja juu ya mia moja na ishirini, kwa sababu hutazamwa tarakimu ya kwanza, na tisa ni kubwa kuliko moja. Kaya yenye ng'ombe 9 ilikuwa imechanjiwa kabla ya kaya yenye ng'ombe 120. Na herufi zote ziko juu ya tarakimu zote. Wale mia tatu na kumi na nane waliokataa kutaja walikuwa wamekaa kileleni, mbele ya kila mtu aliyesema kweli, kwa miaka mitatu. Kati yao wenyewe walipangwa kwa herufi: wa kutosha chini kidogo, wapo juu zaidi.

Juu ya wote, nambari moja, alikuwapo mtu mmoja ambaye ofisa wa kata hakumnyooshea Kiswahili. Kwetu wengi tunasema ng'ombe zipo. Aliandikiwa hivyohivyo: zipo. Kwa herufi Z hakuna wa kumpita.

Jina lake lilikuwa Mboje Mayala, wa Ngulyati. Babake Klementina.

Hapa lazima niseme jambo. Miaka mitatu hiyo, Ngulyati ilikuwa ikinong'ona kwamba mzee Mboje anachanjiwa wa kwanza kwa sababu binti yake yuko ofisini. Maneno yalifika mpaka kwenye kikundi cha akina mama kanisani, na Klementina aliyajibu mbele yao akiwa amesimama, akisema, "Mimi sipangi mtu. Mashine ndiyo inapanga, na mashine haina baba." Alikuwa anasema kweli tupu. Nao walikuwa wanasema kweli. Haijawahi kunitokea tena kuona ugomvi ambao pande zote mbili zina haki na wote wamekosea.

"Wataniambia nini, Salu?" alisema.

"Hawatajua," nikamjibu. Sijivunii jibu hilo.

"Mimi nimejua," akasema. Akawatenga wale mia tatu na kumi na nane kwenye faili lao, akaiamuru programu ilinganishe majina yote, ila katika kupanga ichukue waliobaki tu.

Jumatatu saa tatu asubuhi Meneja alitangaza Siku ya Mashine kwa mara ya tatu. Klementina akabonyeza. Mhudumu akaweka sufuria ya chai jikoni. Dastan akavuta kiti akasogeza sikio kwenye feni. Kabla tangawizi haijatwangwa, Klementina akasema, "Imemaliza."

Dakika kumi na moja.

Mhudumu alisimama mlangoni na kinu mkononi, akamtazama Meneja, Meneja akamtazama Dastan.

"Imeruka," Dastan akasema. "Kuna vitu imeruka."

"Tazama majina yanayofanana," Klementina akasema. "Robo iliyopita ilipata watu elfu tatu mia moja na sita walioandikwa mara mbili. Leo, kwa orodha ileile, imepata elfu tatu mia moja na sita. Nimeiagiza ilinganishe moja moja, hakuna aliyepungua."

"Mama," Meneja akasema kwa upole, "mimi si mtaalamu. Lakini kazi ya siku nzima haiwezi kuisha kwa dakika kumi na moja. Wageni nitawaambia nini? Kwamba siku zote zile ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inauliza, Meneja."

"Inauliza nini?"

Alimweleza kama alivyonieleza mimi, ila bila mkalimani. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akaamua kama kiongozi: programu ya zamani iwashwe nayo, kama uthibitisho. Ikimaliza, orodha mbili zitalinganishwa, na kama zitatofautiana, itafuatwa ile iliyofikiri zaidi. Karatasi ya USIGUSE ikarudishwa mahali pake.

Klementina hakubishana. Alikuwa na watu mia tatu na kumi na nane wasio na namba, na siku mbili. Jumanne saa nane mchana akaniomba nimpeleke Ngulyati kwa pikipiki.

Tulimkuta mzee Mboje akinoa jembe uani. Klementina alipiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma. "Ng'wadila, baba."

"Ng'wadila, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola, baba."

Wakaulizana za watoto, za mvua, za mama, za majirani. Nikaulizwa ukoo wangu, nikataja, ikaonekana shangazi yangu aliolewa karibu na hapo. Mambo hayo hayapunguzwi muda, na sijui kompaila inayoweza. Mwishowe Klementina akasema, "Baba, nimetumwa na kazi. Nahitaji kujua ng'ombe ni wangapi."

Mzee akarudi kwenye jembe lake. "Zipo."

"Baba, mashine sasa haikubali neno hilo. Inataka namba."

"Basi mashine imeharibika. Miaka yote ilikubali."

"Baba."

"Ng'ombe hawahesabiwi kama maharage, Klementina. Ulizaliwa hapa. Hujawahi kunisikia nikitaja, na babu yako hujamsikia."

Klementina alipandisha macho kwenye zizi. Miiba ya uzio ilikuwa imeanguka upande mmoja na haikuinuliwa. Nilimwona akiangalia pale, na nadhani alikuwa ameanza kuelewa jambo ambalo mimi bado.

"Sawa baba," akasema. "Sikuulizi ng'ombe. Daktari anakuja na sanduku la chanjo. Nimwambie aje na dozi ngapi kwako, zisipungue, zisimwagwe?"

Jembe likasimama. Mzee alifikiri. Dozi ni dawa, ni mali ya serikali, haina roho, hakuna anayeweza kuiloga.

"Dozi kumi na nane," akasema.

Ngulyati nzima iliamini mzee Mboje ana ng'ombe zaidi ya mia mbili. Klementina naye aliamini. Zizi lile lilikuwa la ndugu watatu, na wachanjaji walichanja zizi bila kuuliza nani ni wa nani. Kumbe wadogo zake wawili walikuwa wameswaga wa kwao kuelekea Katavi kutafuta malisho, na kiangazi cha mwaka juzi kilimalizia kazi. Kaka mkubwa alibaki na neno lake moja kwenye fomu.

Klementina aliandika kumi na nane. Aliandika polepole kuliko ninavyomjua.

"Zamu yako itakuwa ya nyuma mwaka huu, baba," akasema.

"Mimi sikuomba kuwa mbele," mzee akajibu. "Nilidhani ni heshima tu."

Njiani kurudi alinishika bega nisimame. Nilidhani analia, na huenda alikuwa amelia, lakini alichotaka ni kupiga simu. Alipigia maofisa wa kata wote wenye watu kwenye lile faili, mmoja baada ya mwingine, tumesimama kando ya shamba la pamba la watu.

"Msiulize ng'ombe wangapi," aliwaambia. "Ulizeni dozi ngapi. Neno ng'ombe msilitaje kabisa."

Mpaka Jumatano saa sita mchana, mia tatu na sita walikuwa wamejibu. Kulikuwa na mmoja upande wa Lingeka aliyeandikwa tunashukuru kwa miaka mitatu, akataja dozi mia nne na kumi bila kupepesa. Klementina aliweka namba zote ndani, wale kumi na wawili waliobaki akawaweka mwishoni, akabonyeza, dakika kumi na moja.

Programu ya zamani nayo ilikuwa imemaliza asubuhi hiyo, baada ya umeme kuikata mara moja na Dastan kuianzisha upya kwa utiifu. Meneja akazitandaza orodha mbili mezani. Zilitofautiana kuanzia mstari wa kwanza.

"Nilisema," akaanza.

"Meneja, tazama hapa," Klementina akamwonyesha kwa kalamu. "Orodha iliyofikiri zaidi. Kaya ya ng'ombe tisa. Na huyu, kurasa kadhaa chini yake?"

"Mia moja na ishirini."

"Nani aanze?"

Meneja alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, na namba zikawa zilezile. "Hii ni robo hii tu?"

"Miaka mitatu."

"Na huyu wa kwanza kabisa, Mboje Mayala, huyu si..."

"Ni baba yangu. Kosa ni langu, niliandika mimi. Nitaandika barua kueleza, kata zote zisomewe."

Hapo Bwana Novatus alionyesha uongozi wake wote. Alisema barua si lazima. Alisema wananchi wasitiwe hofu, maana wakijua mashine ilikosea miaka mitatu wataanza kujiuliza mengine. Alipendekeza sentensi moja: kwamba mfumo umeboreshwa. Klementina akasema ataiweka sentensi hiyo mwanzoni, na nyingine zake zitafuata. Barua ninayo kwenye faili, ukurasa mmoja, haina neno gumu. Ilisomwa kwenye mikutano ya vijiji, na taarifa niliyoletewa kutoka Ngulyati inasema watu walisikiliza, wakamshukuru, na wengi wakaondoka wakiamini kwamba sasa ndiyo ameshikwa.

Daktari Philomena alipokea orodha Jumatano jioni. Hakuuliza ilichukua muda gani. Aliuliza, "Ni sahihi?" Klementina akajibu, "Sasa ni sahihi." Alhamisi sanduku la barafu lilipelekwa kwa yule wa dozi mia nne na kumi. Kazi iliisha siku ya tisa. Homa ya mapafu ilikuja mpaka mpakani, ikakaa, ikaishia hukohuko, na kwa kuwa haikuua ng'ombe wa mtu kwetu, hakuna aliyeizungumzia tena. Mzee Mboje alichanjiwa siku ya nane, ng'ombe kumi na nane mbele ya majirani wote, na jioni hiyo watu wanne walikuja kumsaidia kuinua uzio bila kutaja chochote.

Siku ya Mashine ilijifia yenyewe. Meneja aliomba, kwa faragha, kama programu inaweza kuwekewa kitu cha kuisubirisha walau saa moja wageni wakiwapo. Klementina akasema inawezekana, mstari mmoja tu, na hajawahi kuuandika. Dastan alikaa wiki nzima hamsemeshi mtu. Kisha siku moja alivuta kiti kwenye meza ya dirishani akauliza, akiangalia pembeni, ile ya kutangaza aina inaanzaje. Sasa hukaa hapo kila siku saa tisa alasiri, na maombi yake ya mashine kubwa yamepungua kurasa sita.

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata zilikuja fomu za tathmini ya watumishi. Fomu ya Klementina ilikuwa na kipengele kilichowekwa zamani, kwa ajili yake hasa: saa za uendeshaji wa mfumo kwa mwaka. Lengo, saa themanini na nane. Zilizofikiwa, dakika arobaini na nne. Fomu hujijumlisha yenyewe, na ilijumlisha: utendaji umeshuka, mtumishi apewe ushauri.

Meneja alimwita kumpa ushauri. Alionekana mnyonge kweli. "Fomu inatoka juu, mama," akasema. "Mimi najua ulivyofanya. Ila hapa hapana nafasi ya kuandika."

"Ushauri wenyewe ni upi, Meneja?"

Akafikiri. "Jitahidi."

Klementina alisaini, akaniletea fomu nigonge mhuri. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza, lakini alikuwa na haraka. Alitaka funguo za kabati la chini, lenye fomu za mbuzi. Alikuwa ameona kwenye orodha ya kata moja sehemu ya umri wa mbuzi imejazwa neno amekomaa, na alitaka kujua wako wangapi.